Zaidi ya Hatua: Maana za Neno la Kiingereza "step" na Tafsiri ya Maandishi ya Umma nchini Uganda, kwa Mifano ya Kasubi

Utangulizi

Kilima cha Kasubi, kaskazini-magharibi mwa kitovu cha Kampala, ni mahali ambapo mguu una sheria zake. Kabaka Mutesa I alijenga kasri lake hapo mwaka 1882. Alipofariki mwaka 1884 kasri hilo likageuka kuwa makaburi, na baadaye Mwanga II, Daudi Chwa II na Mutesa II wakazikwa papo hapo. Mgeni anayeingia katika nyumba kuu, Muzibu-Azaala-Mpanga, huvua viatu mlangoni. Mbele yake huning'inia pazia la nguo za gome la mti, na nyuma ya pazia hilo kuna sehemu iitwayo Kibira, yaani msitu, ambako mgeni haendi. Chini ya kilima, kandokando ya Barabara ya Hoima, kuna soko na vituo ambavyo wakazi huviita "siteegi", na hapo abiria hupanda na kushuka kutwa nzima.

Kuvuka kizingiti, kukanyaga mkeka, kupanda ngazi, kushuka garini, kufuata utaratibu wa mazishi au wa maombi ya kibali: Kiingereza cha matangazo na cha ofisi chaweza kuyasema yote haya kwa neno moja, "step". Kiswahili hakina neno moja la kuyabeba. Hata hivyo, watafsiri wa maandishi ya umma wamezoea kuweka "hatua" karibu kila mahali panapoonekana "step". Makala haya yanaeleza maana za neno hilo la Kiingereza, namna Kiswahili na Luganda zinavyozigawanya, na hasa tatizo moja ambalo halijapewa uzito unaostahili: neno "hatua" limepata rangi ya adhabu, na rangi hiyo hukolea zaidi nchini Uganda kwa sababu ya historia ya Kiswahili chenyewe. Serikali inapokusudia kusaidia, msomaji anaweza kusikia kwamba anatishwa.

Neno na mizizi yake

Maana ya msingi ya "step" ni mwendo mmoja wa mguu: kuuinua, kuusogeza na kuuweka chini. Kutokana na mwendo huo huzaliwa mahali mguu unapokaa, yaani kidato cha ngazi au kizingiti. Kisha umbali unaopatikana kwa mwendo huo. Kisha alama na sauti ya mguu. Kisha mtindo wa kucheza ngoma. Kutoka hapo neno huhamia kwenye mambo yasiyoonekana: sehemu moja ya utaratibu, kitendo kimoja kati ya vitendo vinavyoelekea lengo, cheo kimoja katika mfuatano wa vyeo. Uhamaji wa namna hii si wa Kiingereza peke yake. George Lakoff na Mark Johnson, katika kitabu chao cha mwaka 1980 kuhusu sitiari za kila siku, walionyesha jinsi wanadamu wanavyofikiri juu ya maisha na mipango kama safari. Palipo na safari, nyayo hazikosekani.

Lakini si kila "step" inatokana na mguu. Kiambishi kinachotumika katika maneno ya Kiingereza ya mama wa kambo, baba wa kambo na mtoto wa kambo kina asili nyingine kabisa. Katika Kiingereza cha kale kilihusiana na kufiwa: mtoto wa namna hiyo alikuwa yatima, na mzazi wa namna hiyo ni yule aliyekuja kushika nafasi ya marehemu. Hii ni homonimia, wala si polisemia. Maumbo mawili yamekutana kwa bahati katika historia ya sauti. Tafsiri ya neno kwa neno ingetoa "mama wa hatua", na hakuna mtafsiri makini atakayeandika hivyo, ingawa mashine yaweza.

Hapa Kiswahili kina kichekesho chake. Pamoja na "wa kambo", Watanzania wengi husema "baba wa kufikia" na "mtoto wa kufikia". Kiingereza, ambacho umbo lake linafanana na kukanyaga, hakina mwendo wowote ndani ya neno hilo. Kiswahili, ambacho hakikuiga lolote, kimeweka kitenzi cha safari. Mtoto amefika na mzazi wake katika nyumba iliyokwisha kuwapo. Kwa washauri wa sera jambo hili si la kufurahisha tu. Fomu za malezi, matibabu na mirathi zinahitaji kutenganisha mtoto wa kufikia, mtoto wa kupanga na mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, na istilahi moja iliyolegea yaweza kumhamisha mtoto kutoka haki moja kwenda nyingine. Luganda, kwa upande wake, humtaja mama wa kambo kwa maelezo tu: "muka kitange", mke wa baba yangu. Msemaji wa Luganda anayekutana na "mama wa kambo" kwenye fomu ya Kiswahili hapati mwangwi wowote katika lugha yake, na neno hilo linahitaji kufafanuliwa hapo hapo kwenye fomu.

Jinsi Kiswahili kinavyogawanya

"Hatua" ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ile ile ya mwendo mmoja wa mguu. Huenda pamoja na vitenzi viwili ambavyo havibadilishani nafasi. Anayepiga hatua anaendelea mbele, naye husifiwa. Anayechukua hatua anafanya jambo kuhusu tatizo. Mtoto anayejifunza kutembea hupiga hatua, nayo nchi inayopunguza vifo vya uzazi hupiga hatua vilevile. Hakuna anayesema nchi imechukua hatua akiwa na maana ya maendeleo.

Mahali pa kuweka mguu pana maneno yake. "Ngazi" ni kifaa kizima na pia kiwango: ngazi ya wilaya, ngazi ya taifa. "Kidato" ni sehemu moja ya ngazi, na pia ile tindo inayokatwa kwenye shina la mnazi ili mkwezi apate pa kukanyaga. Kutoka kwenye mnazi neno hili limehamia darasani. Kidato cha kwanza hadi cha sita cha Tanzania kinalingana kwa idadi na miaka sita ya sekondari ya Uganda, ambayo Waganda huiita "siniya". Kenya, katika mfumo wa 8-4-4, vidato viliishia vinne. Mtaala wa Kiswahili wa Uganda unaweza kulipokea neno "kidato" bila wasiwasi, mradi msomaji wa Kenya akumbuke kwamba kidato cha nne cha upande huu si mwisho wa ngazi. "Daraja" nalo limebeba daraja la mtoni na daraja la ufaulu, na hakuna anayechanganyikiwa, kwa kuwa mazingira huamua.

Kwa alama ya mguu kuna "unyayo", na wingi wake una historia ya kisiasa. Daniel arap Moi alipoingia madarakani Kenya mwaka 1978 alitangaza kufuata nyayo za mtangulizi wake, na "Nyayo" ikawa jina la falsafa, la uwanja wa michezo na la jengo la serikali jijini Nairobi ambalo vyumba vyake vya chini vilijulikana kwa mateso ya wapinzani. Neno lile lile lililotangazwa pamoja na amani, upendo na umoja likaishia kuwa na mwangwi wa hofu. Kwa hiyo dola inaweza kuipaka rangi hata alama ya mguu, na yafuatayo kuhusu "hatua" yasimshangaze mtu.

Kuachia madaraka ni tawi jingine. Kiingereza husema kushuka. Kiswahili husema "kujiuzulu", na tangu Julius Nyerere alipoondoka katika urais mwaka 1985, "kung'atuka", neno lililotoka Kizanaki na kubeba heshima ya mzee anayewapisha vijana. Vyombo vya habari vya Kenya vimeongeza "kukaa kando" kwa ofisa anayepisha uchunguzi. Haya matatu si visawe. Anayekaa kando anaweza kurudi, aliyejiuzulu amekwisha kuondoka, aliyeng'atuka hakusukumwa. Taarifa ya kiserikali inayoyachanganya inatoa hukumu bila kukusudia.

Luganda: kitenzi kimoja, milango mingi

Msomaji wa kwanza wa maandishi ya Kiswahili mjini Kampala mara nyingi ni msemaji wa Luganda, hivyo mgawanyo wa Luganda ni lazima uangaliwe. Kitenzi "okulinnya" hubeba kukanyaga, kupanda mlima, kupanda basi, na hata kupanda kwa bei. Kiswahili kimeyapa mambo matatu ya mwisho kitenzi "kupanda", lakini kukanyaga kimekiweka mbali. Msemaji wa Luganda anayejifunza Kiswahili anakuta chumba kimoja cha nyumbani kwake kimekatwa kwa ukuta, na makosa hutokea ukutani hapo.

Nahau "okulinnya eggere" inastahili tahadhari zaidi. Ukiitafsiri kijuujuu ni kukanyaga kidole cha mguu, na Kiingereza kina msemo unaofanana nao wenye maana ya kumuudhi mtu kwa kuingilia eneo lake. Katika Luganda ya magazeti na redio, hata hivyo, kiongozi anayelinnya eggere katika jambo amelisimamisha au amelikwamisha. Mwandishi wa Kampala anayesoma kwa Kiingereza kwamba waziri "ameingia" katika mgogoro wa ardhi anaweza kulifikiri jambo hilo kwa Luganda kama kusimamisha, na kisha kuliandika kwa Kiswahili kama "kuingilia kati", maneno yasiyosema kama kazi imesimama au inaendelea. Mtu anayesubiri kujua kama nyumba yake itabomolewa anahitaji jibu hilo kuliko yote.

Ngazi ni "eddaala", wingi "amadaala", na neno hilo hutumika pia kwa kiwango. Sehemu ya utaratibu ni "omutendera". Luganda basi inatenganisha kwa uwazi kile ambacho "hatua" imekiunganisha: mahali pa kupanda, sehemu ya mfuatano na kitendo cha mamlaka. Kwa maana hii ya tatu Waganda husema tu kwamba mtu amebaako ky'akola, yaani amefanya jambo. Hakuna mguu katika usemi huo. Tutaona kwamba mara nyingi huo ndio mwongozo mzuri kwa Kiswahili pia.

Hatua inayogeuka adhabu

Linganisha sentensi mbili. "Serikali imechukua hatua za kuwasaidia wakulima." "Serikali imewachukulia hatua wakulima." Ya kwanza inaeleza msaada. Ya pili, kwa msikilizaji yeyote wa Kiswahili, inaeleza adhabu, hata kama hakuna neno la kosa ndani yake. Tofauti imo katika kauli ya kutendea. Mtu anapowekwa kuwa yambwa ya "-chukulia hatua", anakuwa mtuhumiwa. Kauli ya kutendwa hufuata njia hiyo hiyo: "amechukuliwa hatua" haina maana nyingine zaidi ya kwamba ameadhibiwa au anakaribia kuadhibiwa. Misemo kama "hatua kali", "hatua za kinidhamu", "hatua za kisheria" na "hatua stahiki", ambayo husikika kila siku katika matamko ya viongozi, imeilisha maana hiyo mpaka "hatua" ikiwa peke yake inatosha.

Kiingereza hakina mtego huu. Kusema kwamba "steps" zitachukuliwa kuhusu kaya fulani hakuelezi kama kaya zitasaidiwa au zitashtakiwa. Chukulia, kwa mfano wa kufikirika, waraka wa Kiingereza unaosema kwamba wilaya itafanya hivyo kuhusu watoto wasiohudhuria shule. Mtafsiri mwenye haraka ataandika: "Wilaya itawachukulia hatua watoto wasiohudhuria shule." Mzazi atakayeisoma sentensi hiyo ubaoni hatamleta mtoto kuandikishwa, atamficha. Weka chanjo mahali pa shule, au wapangaji wa eneo la hatari ya moto mahali pa watoto, na matokeo ni yale yale. Kosa la kisarufi la silabi mbili linageuza mwelekeo wa sera nzima.

Nchini Uganda jambo hili lina uzito wa ziada. Kiswahili kilikuwapo katika baraza la Mutesa I, Kabaka wa kwanza kuzikwa Kasubi. Kilikuja na wafanyabiashara wa pwani, na Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1875 mazungumzo ya dini yaliendeshwa kwa msaada wake. Maneno kama "ekitabo", "essaawa" na "emmeeza" yalibaki katika Luganda. Mjukuu wake, Daudi Chwa II, aliyezikwa kilima hicho hicho, aliandika mwaka 1929 kupinga waziwazi Kiswahili kufanywa lugha rasmi ya wenyeji katika Buganda, baada ya Gavana William Gowers kukipigia debe kuanzia mwaka 1927. Nyumba moja ya makaburi imewalaza waliosimama pande mbili za mjadala huu. Wakati huohuo Kiswahili kilishika mizizi jeshini, tangu enzi za kikosi cha King's African Rifles. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, raia wengi wa Buganda walikuwa wanakifahamu hasa kutoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki.

Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Uamuzi huo unadai maandishi mengi: vitabu, fomu, matangazo ya afya, mabango. Ikiwa maandishi hayo yatasema na raia kwa msamiati wa kambi, kazi ya kukirudisha Kiswahili nyumbani itakuwa ngumu zaidi kuliko inavyopaswa. "Tutawachukulia hatua" ni sentensi ya kambi. Kwa msomaji wa Dar es Salaam ni ukali wa kawaida wa ofisa; kwa mzee wa Kasubi inaweza kuwa sauti ya mwaka 1973.

Kasubi baada ya moto

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 Muzibu-Azaala-Mpanga iliteketea. Makaburi yalikuwa yameingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Mwaka ule ule wa moto yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na yakaondolewa humo Septemba 2023, baada ya ujenzi mpya wa zaidi ya muongo mmoja. Kazi ya aina hii huzalisha nyaraka nyingi, na karibu maana zote zilizotajwa hukutana ndani yake.

Kuna mfuatano wa ujenzi, ambao kwa desturi una wenyewe: kuezeka nyasi ni jukumu la ukoo wa Ngeye, na pete 52 za ndani ya paa zinasimama kwa koo 52 za Buganda. Kuuita mfuatano huu "hatua ya kwanza, ya pili na ya tatu" hakukosei, lakini kunaficha kwamba kila sehemu inasubiri watu wake, si tarehe yake. "Awamu" ni neno la mkandarasi. "Zamu" liko karibu zaidi na uhalisia wa koo. Kuna pia masharti ya kuzuia moto, ambayo kwa Kiswahili ni tahadhari au kinga. Na kuna maelekezo ya dharura. Katika nyumba ya nyasi, anayesoma bango wakati wa moto hana nafasi ya kuchambua nomino. Nomino "hatua" hapo haina kazi yoyote. "Kwanza watoe watu. Pili piga kengele. Tatu mwite mlinzi." Kiswahili kina kauli ya kuamuru iliyo fupi na yenye nguvu, na tarakimu zinatosha kuonyesha mfuatano.

Mapendekezo kwa waandaaji wa istilahi

Kamusi za lugha mbili zitaendelea kuorodhesha "hatua" mbele ya "step", nazo zina haki. Lawama ni ya orodha za istilahi za kisekta, ambazo hutoa kisawe kimoja kwa kila neno na kumwachia mtafsiri wa wilaya mzigo wote. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao Zanzibar ina nafasi nzuri ya kuonyesha njia kwa kuandika ingizo la neno kama hili kwa kufuata vitendo: nani anatenda, nani anatendewa, na kama kitendo ni cha msaada au cha kulazimisha. Uganda ingefaa kuongeza safu ya Luganda na ya lugha nyingine kubwa za nchi, kwa kuwa mtego hujificha katika kitenzi cha nyumbani kabla haujafika kwenye Kiswahili.

Kipimo rahisi kinaweza kutumika hata pasipo na mtaalamu. Sentensi ikiisha kutafsiriwa, asomewe mtu asiyeujua waraka wa Kiingereza, kisha aulizwe: aliyetajwa hapa amefanya kosa gani? Akiweza kutaja kosa ambalo waraka haukulitaja, sentensi iandikwe upya. Mara nyingi dawa ni kuitoa "hatua" na kuweka kitenzi kinachosema kitakachofanyika: itawatembelea, itawaandikisha, itawalipia, itawashtaki. Wakati mwingine ofisa mwenyewe ndiye atakayegundua kwamba hakuwa ameamua. Kiingereza kilimruhusu kuahidi mwendo bila kusema mguu unaelekea wapi, na Kiswahili kinamdai jibu.

Palipo na pazia la Kibira, maneno yanapaswa kuwa machache kuliko kote. "Usikanyage" lingeeleweka kama onyo juu ya mkeka. "Usipande" halina maana hapo. "Ukivuka utachukuliwa hatua" ni sahihi kisarufi, nalo lingemfukuza mgeni kabla hajajua amekuja kwa nani. Mahali hapo, ambapo walinzi wa makaburi hukaa mikekani na Nnaalinnya ndiye mwenye dhamana, bango linaweza kuandikwa hivi: "Mgeni wetu, tafadhali ishia hapa."